Ushanga wa waya wa almasi umelika upande mmoja tu: ni nini hasa kinachokata zege?

#1 FundiMalaba
Habari zenu wakuu. Nina kitu kidogo hapa mezani kimeninyima usingizi tangu juzi. Ni ushanga mmoja wa chuma, unene wake sawa na kidole changu cha mwisho, una tundu katikati. Nimeuokota kwenye saiti moja Kampala nilikokwenda kufunga nondo.

Kulikuwa na ukuta wa zege wa zamani, unene karibu mita moja, ukatakiwa uondoke bila kulitikisa jengo la jirani. Nilidhani wataleta nyundo za hewa. Wakaja watu wanne na mashine iliyokaa juu ya reli fupi. Wakatoboa matundu mawili, wakapitisha waya wenye shanga kama mkufu wa bibi harusi, wakaunganisha ncha zake, wakafungulia maji. Kufikia jioni kipande cha kwanza kilikuwa kimeachana na ukuta, uso wake laini kama mche wa sabuni uliokatwa dukani kwa waya. Nondo za ndani zilikatwa sawasawa na zege, zinang'aa kama shilingi mpya.

Siku ya pili waya ukakatika. Hakuna aliyeumia, lakini shanga mbili zilitoboa mabati ya uzio. Hapo ndipo nilipookota huu. Upande mmoja bado unakwaruza kidole kama msasa. Upande wa pili umekuwa bapa na laini, kama kisigino cha kiatu cha mtu anayetembea kwa kuegemea.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kinachokata ni nini: almasi, maji, joto, au kasi? Na kwa nini ushanga ulike upande mmoja? Fomeni aliniambia ni bahati mbaya tu. Sikubali.

#2 BodaTororo
Kaka, una almasi mfukoni halafu unatuletea maswali ya darasani? Uza, tununue shamba.

#3 ShinyangaDamu
Majirani zetu wa Uganda, almasi hizo zimetoka kwetu Mwadui. Shukrani tutazipokea.

#4 MwalimuGulu
#3, Mwadui tunaiheshimu, lakini hapa hapana. Almasi za misumeno karibu zote hutengenezwa kiwandani. Kaboni hubanwa kwa mkandamizo unaozidi mara 50,000 ule wa hewa tunayovuta, kwenye joto linalopita digrii 1,300. General Electric ya Marekani ilifaulu Desemba 1954, mwaka uleule bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa pale Jinja. #2, chembe zenyewe ni ndogo kuliko punje ya sukari, rangi yake njano inayoelekea kijani. Sonara hatakupa hata nauli ya boda.

Kuhusu swali: kinachokata ni ugumu. Kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini, almasi ni 10, kwazi (madini ya kwenye mchanga) 7, felspa (madini ya kwenye matale) 6, na kalsiti, ambayo ndiyo marumaru, ni 3. Kigumu hukwaruza kilaini. Basi.

#5 MukonoMawe
Mwalimu, hiyo "basi" imewahi. Sisi machimboni tukitaka kubandua mwamba tunawasha moto juu yake, kuni au tairi, unawaka usiku kucha. Asubuhi tabaka la juu limejitenga, ukiligonga linalia kama debe tupu. Hakuna kitu kigumu kilichougusa. Mimi naona waya unaokwenda mbio vile unalichoma jiwe kwenye ule mstari, jiwe linapasuka lenyewe, shanga zinazoa unga tu.

#6 WayaGhuba
Nimeendesha mashine hii miaka sita Ghuba, sasa niko Entebbe. Ndugu #5, maji yanayotoka kwenye mkato nimeyashika mara nyingi. Ni vuguvugu, unaweza kunawia. Joto likipanda ujue mambo yameharibika: mpira ulio kati ya shanga unalainika, shanga zinateleza na kurundikana, waya unakatika. Almasi yenyewe ikifika kama digrii 700 katika hewa inaanza kuharibika.

Nieleze mtambo wenyewe kwa wasiouona. Ndani kuna kamba ya chuma iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, unene kama milimita 5. Juu yake zimevishwa shanga. Kila ushanga ni mrija wa chuma uliovikwa ganda la unga wa metali uliookwa pamoja na chembe za almasi, na ukiwa mpya una kipenyo cha kama milimita 11. Kwa zege tunatumia waya wenye shanga 40 hivi kwa mita, na katikati yake mpira umeungwa kwa joto ili shanga zisitembee. Mashine inauzungusha waya kama mkanda wa kinu, huku yenyewe inarudi nyuma polepole juu ya reli ili waya ubaki na mkazo. Haisukumi kitu, inavuta tu. Waya unajilaza juu ya zege kwa upinde na kulila kutoka nyuma kuja mbele.

#7 MzeeBombo
Wanangu, msiyadharau maji na tope. Kule Carrara, Italia, tangu mwishoni mwa karne ya 19 walikata milima ya marumaru kwa waya mtupu wa nyuzi tatu zilizosokotwa. Haukuwa na almasi hata moja. Waliulisha mchanga na maji, ukaburuta mchanga ndani ya mkato. Waya wa almasi uliingia huko mwishoni mwa miaka ya 1970. Na Wamisri wa kale walikata matale (graniti) kwa msumeno wa shaba pamoja na mchanga. Shaba ni laini kuliko jiwe! Mwalimu atuambie ugumu wa shaba umeshindaje.

Mimi nasema tope ndilo linalokata. Waya ni punda wa kulibeba.

#8 MwalimuGulu
Mzee wangu, shikamoo. Kwa waya wa kale uko sahihi kabisa, na nakubali niliandika kwa haraka. Ila hata pale kilichokata ni mchanga wa kwazi, ugumu 7. Shaba iliubeba tu, kama ulivyosema. Tofauti ni kwamba mchanga ulikuwa huru, unabingirika kati ya chuma na jiwe na kuvila vyote viwili. Chembe ya almasi imeshikwa, haibingiriki, inalima mfereji. Kwa hiyo nguvu haipotei.

#9 MzeeBombo
Marahaba. Lakini ukikata matale, tope lake lina kwazi ndani. Hiyo kwazi inakaa bure?

#10 BintiMhandisi
Samahani wazee wangu, niingie hapa kwa sababu Mzee amegusa penyewe. Nasoma ujenzi, mwaka wa tatu. Kwazi ya kwenye tope haikai bure: inalila ganda linaloshika almasi, na tunataka ilile. Chembe ikichoka na kuwa butu, ganda lazima liondoke kidogo ili ile chembe idondoke na nyingine yenye ncha ichomoze. Kwa hiyo jiwe gumu lenye unga mwembamba linatakiwa ganda laini. Jiwe laini linalokwaruza sana, kama jiwe la mchanga au zege changa, linatakiwa ganda gumu, la sivyo almasi zinaisha kabla hazijafanya kazi.

#11 BodaTororo
Yaani jiwe gumu, chuma laini? Dada, hapo umegeuza kitabu juu chini.

#12 BintiMhandisi
Kaka, bibi yako hakuwa na jiwe la kusagia? Likishakuwa laini linang'aa, mtama unateleza juu yake bila kusagika. Bibi analichukua na kuligongagonga upya kwa kijiwe kingine mpaka uso uwe na vishimo. Ushanga nao ni hivyo, ila haugongwi na mtu. Jiwe linalokatwa nao ndilo linaunoa. Ganda likiwa gumu mno kwa jiwe hilo, uso unakuwa kioo na waya unazunguka bure.

#13 BodaTororo
Hapo nimekuelewa. Bibi alikuwa nalo.

#14 FundiMalaba
Binti, asante. Basi ule upande wangu laini ndio "kioo"? Nikiupitisha kidole hauna mkwaruzo hata kidogo. Lakini kwa nini upande wa pili uko hai? Ganda ni lilelile.

#15 WayaGhuba
Fundi, jibu lako ni msokoto. Kabla ya kuunganisha ncha, waya lazima uusokote, raundi moja hadi mbili kwa kila mita, ndipo unabana kiungo. Waya wa mita 10 unaupa raundi kama 15. Ukianza kukimbia, ule msokoto unaufanya uwe unajizungusha wenyewe, kila ushanga unageuza shavu lingine. Asiyesokota, ushanga unakaa kwa shavu lilelile mpaka unakuwa kama nusu ya yai. Nimeona vijana wakiruka hatua hiyo wakitaka kuwahi chakula. 

#16 RupaMoroto
Nakataa kidogo. Niko huku Rupa, tunatoa marumaru. Waya wetu ni wa springi, ndizo zinazotenganisha shanga, hauna mpira. Tulisokota kila siku bila kukosa, na bado shanga zikalika upande mmoja. Kosa lilikuwa puli, lile gurudumu lenye mfereji linaloongoza waya. Puli moja ilikuwa imekaa pembeni kwa upana wa kidole, haikuwa kwenye mstari mmoja na mkato. Waya ukawa unapanda ukingo wa mfereji wa puli na kujibana, haugeuki. Tulipoinyoosha puli, shanga zikaanza kulika duara.

#17 WayaGhuba
Kwa springi naweza kukubali. Kwa mpira, msokoto kwanza.

#18 RupaMoroto
Waya ni waya, mkuu. Hata mpira unapita kwenye puli.

#19 DadaKireka
Jamani mimi sina mashine. Nimekua kwenye machimbo ya Kireka, mama yangu alituvunjia mawe kwa nyundo tukasoma. Nilichosikia kwenye uzi huu na kunigusa ni maji. Hawa wanaokata kwa waya wana maji yanayoushika unga. Mama alikaa kwenye unga mkavu miaka mingi, na kikohozi chake nakijua mimi. Unga wa jiwe lenye kwazi ukiingia kwenye pafu hautoki, unaacha makovu. Fundi, hapo saiti mlikuwa na barakoa wakati wa kutoboa yale matundu?

#20 FundiMalaba
Dada, pole sana kwa mama. Waliotoboa walikuwa nazo, na drili yao ilikuwa ya maji. Sisi wa nondo hatukuwa nazo. Tulipokata nondo kwa grainda kwenye ukuta mkavu, unga ulikuwa kama ukungu wa asubuhi. Nitanunua yangu kabla ya kazi inayofuata, na ya kijana wangu.

#21 DadaKireka
Ya kitambaa haitoshi. Tafuta ile inayobana uso vizuri, yenye kichujio.

#22 MukonoMawe
Narudi kwenye joto langu, sijashindwa. #6 anasema maji ni vuguvugu. Sawa, hayo ni maji yakishatoka. Pale ncha ya chembe inapogusa jiwe, nani amepima? Kipande kidogo kiasi kile kinaweza kuwa moto mkali kwa nukta moja, kikapasua jiwe, kikapoa hapohapo.

#23 BintiMhandisi
Mzee wa Mukono, hoja yako ina uzito. Joto la pale kwenye ncha liko juu sana kuliko la maji. Ila jiwe na zege ni vitu vinavyovunjika kwa ukavu wake. Ncha ikikandamiza, nyufa ndogo zinafunguka chini na pembeni yake, vipande vinaruka kabla joto halijapata nafasi. Nipigeni hesabu hii: waya wa zege unakwenda kama mita 25 kwa sekunde. Kama una shanga 40 kwa mita, mahali pamoja kwenye zege panapitiwa na shanga 1,000 kila sekunde. Kila moja inaondoa vumbi tu. Haihitajiki nguvu kubwa, ni wingi wa mikwaruzo.

Na hesabu hiyohiyo inajibu kwa nini ulikatika. Waya wa mita 10 unazunguka mara mbili na nusu kwa sekunde. Kama kuna puli 4, kila sehemu ya kamba inapindwa na kunyooshwa mara 10 kwa sekunde, mara 36,000 kwa saa. Chukua waya wa kufungia nondo uukunje na kuukunjua, utaona unavyochoka.

#24 AruaSola
Mmenifungua macho. Mimi nafunga paneli za sola huku West Nile. Zile sahani nyeusi ndani ya paneli nazo siku hizi hukatwa kwa waya wa almasi, ila wao ni mwembamba kama unywele. Zamani walitumia waya mtupu na tope la unga mgumu, sawa na ule wa Carrara aliousema Mzee. Kisha almasi ikashikizwa kwenye waya, kazi ikawa ya haraka na tope likaachwa. Mambo ni yaleyale, jiwe kubwa na sahani nyembamba.

#25 MzeeBombo
Umenifurahisha mwanangu. Na maji haya yanayopita Jinja, mkiyafuata mpaka Misri, mtafika Abu Simbel. Kati ya 1964 na 1968 mahekalu yale yalikatwa vipande zaidi ya 1,000 na kupandishwa juu ili ziwa la bwawa la Aswan lisiyafunike. Usoni, penye sanamu, walikata kwa misumeno ya mkono ili mkato uwe mwembamba. Jiwe lake ni la mchanga. Nilipopaona kwenye picha nilikaa kimya muda mrefu.

#26 ShinyangaDamu
Mzee, hayo maji yanaanzia ziwa letu sote, msijitwalie. Ila swali: nondo je? Nilisikia almasi na chuma havipatani.

#27 MwalimuGulu
Umesikia vizuri. Almasi ni kaboni, na chuma kikiwa na moto sana kinainyonya kaboni. Ndiyo maana huwezi kunolea chuma kwa almasi kwa kasi kubwa bila kupoza. Kwenye zege nondo ni sehemu ndogo ya mkato na maji yanapoza, kwa hiyo inavumilika. Pakiwa na chuma kingi, hutafutwa shanga ambazo almasi zake zimeungwa juu ya chuma kwa tabaka moja, si za ganda la unga.

#28 KabariTu
Nimesoma yote na hakuna aliyeuliza kuhusu kabari. Fundi, walipofika nusu ya mkato, walipiga kabari za chuma kwenye ufa? Kipande cha zege kikikaa hata kwa unene wa kucha, kinaushika waya. Unaendelea kupita lakini hauwezi kujigeuza. Shavu moja linakula, lingine linapumzika. Mimi sihitaji msokoto wala puli kulielewa hili.

#29 FundiMalaba
Nilikumbuka ukiniuliza. Kabari ziliwekwa mbili tu, tena baada ya chakula cha mchana. Asubuhi yote hazikuwepo.

#30 WayaGhuba
Kabari inawezekana, sitabisha. Lakini waya uliobanwa unasikika: mlio unashuka, mashine inaguna. Mwendeshaji yeyote angezima. Fundi, waya ulikatikia wapi, kwenye kiungo au katikati? Na je, mkato ulikuwa karibu kwisha?

Nauliza kwa sababu mwishoni mwa mkato zege iliyobaki ni fupi, upinde wa waya unakuwa mkali kama kona ya kiwiko, shanga chache zinabeba mkazo wote. Hapo lazima upunguze mvuto. Wengi huongeza, wakitaka kumaliza.

#31 FundiMalaba
Ulikatika sentimita chache tu kutoka kwenye kiungo, si kwenye kiungo chenyewe. Mkato ulikuwa umebaki kama urefu wa mkono wangu. Baadaye waliunganisha kipande kipya, kikakataa kuingia kwenye mfereji.

#32 RupaMoroto
Hakiwezi kuingia! Waya uliolika umekata mfereji mwembamba. Ukichomeka kipande chenye shanga mpya ni kama kupitisha mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto. Lazima kipande cha kuunga kiwe kimelika sawa na wenzake. Hapo tunatunza mabaki ya waya na kuyapanga kwa vipimo.

#33 FundiMalaba
Leo nimeazima kalipa kwa jirani. Upande mpana wa ushanga, kutoka shavu hadi shavu, ni milimita 10.1. Upande uliolika, milimita 8.8. Halafu nikaenda kwa fundi saa hapa Malaba, akaniazima lenzi yake ya jichoni. Kwenye upande unaokwaruza nimeona chembe zenyewe, zimekaa kama mawe mtoni, na nyuma ya kila moja kuna kimkia cha chuma. Ajabu ni kwamba mikia mingine inaelekea kulia na mingine inaelekea kushoto.

#34 WayaGhuba
Rudia hapo. Pande mbili?

Mkia ni ganda linalobaki nyuma ya chembe na kuishikilia, kwa sababu chembe inalikinga na tope. Waya ukikimbia mwelekeo mmoja maisha yake yote, mikia yote inatazama nyuma. Ukiona pande mbili, waya uligeuzwa. Ukigeuzwa, mkia unaliwa, chembe inabaki haina mgongo na kudondoka. Walivua waya jioni ya siku ya kwanza?

#35 FundiMalaba
Waliuvua, wakaulaza kwenye turubai. Asubuhi aliyeufunga ni kijana mwingine.

#36 BintiMhandisi
Hiyo inaeleza chembe kupotea. Haielezi kwa nini shavu moja tu. Ukigeuza waya, mashavu yote yanaumia sawa.

#37 KabariTu
Kabari.

#38 RupaMoroto
Aangalie puli kwanza, mfereji wake utakuwa umechimbika upande mmoja. Puli haisemi uongo.

#39 MzeeBombo
Kijana aliyeufunga asubuhi, akiulizwa kwa upole, atakumbuka kama alisokota au hakusokota. Msimwendee kwa ukali.

#40 FundiMalaba
Sawa Mzee. Jumatatu narudi Kampala. Nitamtafuta, na nitapitisha kidole kwenye mfereji wa kila puli kabla hawajawasha. Ushanga nauchukua.